Gari Lililochoka Tambarare

Kilichotoboka hakikazwi. Jana mmemsikia bibi yenu akimwambia hivyo kocha wenu, mkacheka, na leo mmenijia mkiuliza neno hilo limetoka wapi. Haya, kaeni. Wewe mwenye simu izime, maana mimi sirudii. Wako watakaowaambia kwamba ni methali ya wafua vyuma, na wengine ya wachimba visima. Msiwasikilize. Chanzo chake ni gereji moja ya Shelui, chini ya mlima wa Sekenke, na lilianzia kwa fundi aliyekosea mara tatu.

Fundi huyo aliitwa Msengi. Gereji aliirithi kwa baba yake, na pamoja na gereji akarithi desturi. Shelui ina mlima upande mmoja, na upande wa pili ni mbuga ya Wembere, tambarare tupu mpaka Igunga. Miaka ile barabara ilikuwa ya vumbi na mlima ulikuwa ukiyaua magari, kwa hiyo mafundi wa pale walikuwa na kipimo kimoja tu. Ukimaliza kutengeneza gari unalipandisha Sekenke, umekanyaga mafuta mpaka chini. Likifika juu, limepona. Mwenye gari alibaki kwenye benchi na kikombe chake cha chai. Kumuuliza gari lake linaumwaje ilikuwa aibu, kama vile fundi hajui kazi yake.

Basi, alikuwapo mkunga mmoja mstaafu, jina lake Nyamizi, lakini wote tulimwita Mama Mkunga. Alistaafu kwenye karatasi tu. Alikuwa na gari dogo la zamani, rangi ya maziwa, lililomzidi Msengi umri. Vijiji vya mbugani viko mbalimbali, na mwanamke wa huko akishindwa kujifungua, ni gari hilo lililompeleka hospitali ya Igunga. Lingine halikuwapo.

Ikafika siku gari likaanza kuishiwa nguvu. Mama Mkunga akalileta gereji, akaanza kueleza, na Msengi huku anapekua sanduku la spana. Alipofungua boneti aliona cheche zinachelewa. Akailegeza distributa, kile kifaa kinachogawa cheche, akaizungusha kidogo ili ziwahi, akaikaza. Akalipandisha mlimani, likafika. "Limepona, Mama," akasema.

Baada ya wiki mbili likarudi, linachemsha maji. Msengi akazungusha tena, akakaza tena. Safari hii mlimani injini ilianza kugonga, kama kokoto ndani ya debe, lakini ilifika juu, naye akasema limepona. Mara ya tatu alikaza mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Moyoni alijua kuna kitu asichokijua. Lakini angesema nini, na yeye ni mtoto wa fundi?

Alhamisi moja Mama Mkunga akafika gereji juu ya trekta, na gari lake likivutwa nyuma kwa kamba.

"Shikamoo, Mama," Msengi akaamkia.

"Marahaba. Gari lako hilo hapo nje."

"Langu tena, Mama?"

"Mimi silitaki. Nimeshampa neno mtu wa vyuma chakavu wa Singida, Jumamosi analifuata." Akaketi kwenye benchi, na chai alipopewa akaiweka chini. "Jana nimemzalisha mtoto wa watu barabarani, kwenye vumbi, gari linafuka moshi pembeni. Wamepona wote wawili, namshukuru Mungu. Lakini sitamjaribu Mungu mara ya pili. Bora waniambie sina gari, watafute mkokoteni mapema, kuliko wanitegemee nikawaulie mtu njiani."

Msengi alitazama chini. Alitamani ardhi immeze.

"Mwanangu," Mama Mkunga akasema, sasa kwa sauti ya chini, "wewe nilikupokea mimi. Ulikuja kwa makalio, mkaidi tangu siku ya kwanza, na nikakutoa. Basi leo niambie kweli. Hicho unachokikaza unakijua?"

"Sikijui, Mama."

Maneno hayo mawili, wajukuu zangu, yalimgharimu kuliko kulibeba gari zima mgongoni. Lakini yalipokwisha kutoka, alipata ujasiri wa kufanya jambo ambalo baba yake hakulifanya maisha yake yote. Alivuta kigoda, akaketi mbele ya mwenye gari, akauliza.

"Linakuchokea wapi?"

"Mlimani halinisumbui. Likigonga, litagonga, lakini linapanda. Linaniumbua tambarare. Nikienda taratibu, mguu mwepesi, ndipo linapokata pumzi na kuchemsha."

"Tambarare? Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia siku ya kwanza. Ulikuwa unatafuta spana."

Msengi aliinuka, akafungua boneti. Ubavuni mwa distributa kuna kikombe kidogo cha bati, na ndani yake kuna utando wa mpira. Kikombe hicho kimeunganishwa na kabureta kwa mpira mwembamba kama mrija. Gari linapotembea kwa mguu mwepesi, injini huvuta hewa kupitia mpira ule, utando unavutika, na cheche zinawahishwa. Ukikanyaga mafuta mpaka chini, mvuto unakufa na kikombe kinapumzika. Sasa angalieni balaa: mafundi wa Shelui walipima magari yote mlimani, mahali ambapo kikombe kile hakifanyi kazi yoyote. Hata kingekuwa kimekufa, wangejuaje?

Akauchomoa mpira upande wa kabureta, akautia mdomoni, akavuta. Utando ukiwa mzima, ukivuta na kuziba kwa ulimi, mpira hung'ang'ania ulimi kama ruba. Ule haukung'ang'ania. Hewa ilikuja tu, na harufu ya petroli, akavuta na kuvuta na hakuna kilichosogea. Akaukagua mpira wote, ulikuwa mzima. Akafungua skrubu mbili, akakitoa kikombe, akakipeleka kwa Mama Mkunga.

"Utando wake umechanika, Mama. Muda wote huu nilikuwa nakaza kitu kilichotoboka. Na kwa kukaza kwangu nimekuongezea ugonjwa, yale makokoto ya mlimani ni ya mkono wangu."

"Kinashonwa?"

"Hakishonwi. Kinabadilishwa. Nipe mpaka Jumamosi asubuhi."

Duka la vipuri lenye kikombe cha gari la umri ule halikuwapo Shelui wala Singida. Msengi aliwaza usiku mzima, akakumbuka mahali pamoja. Ijumaa alfajiri alidandia lori la mtama mpaka Singida, akaenda moja kwa moja kwa yule yule mtu wa vyuma chakavu, jitu la maneno mengi lililoitwa Kahumba. Uani kwake magari ya zamani yalilala juu ya mengine mpaka usawa wa paa. Msengi akapanda juu ya lundo, na kila alipopata kikombe cha aina ile alikipuliza vumbi, akakitia mpira aliokuja nao, akavuta kwa mdomo. Cha kwanza hewa. Cha pili hewa. Cha tatu kilimjaza kutu mdomoni, akatema, akaendelea.

"We fundi," Kahumba akamwita kutoka chini, "ndoa imekushinda mpaka unabusu vyuma?"

"Nibusu wapi basi, na uso wako ndio huo?" Msengi akamjibu, akashika cha nne.

Jua lilipanda, midomo ikamchubuka. Cha tisa, chini kabisa, ndani ya gari lililopinduliwa, kilimshika ulimi. Akahesabu mpaka sitini, nacho hakikuachia. Msengi alikaa pale pale kwenye mabati ya moto akacheka peke yake.

Jioni ile, amerudi Shelui, akakifunga: akaingiza kidole cha chuma cha kikombe kile kwenye sahani ya ndani ya distributa, skrubu mbili, mpira kwenye kabureta. Kisha ikaja kazi iliyomuuma. Akailegeza distributa na kuirudisha nyuma, akafuta kukaza kwake kote, mara ya tatu, ya pili na ya kwanza, mpaka alama ya injini ikakaa mahali ilipowekwa na waliolitengeneza gari.

Jumamosi asubuhi hakulipeleka mlimani. Alimfuata Mama Mkunga, akamwomba wapande wote, wakaelekea mbugani. Mama aliendesha, mguu mwepesi, na Msengi macho hayakubanduka kwenye mshale wa joto. Kilomita kumi, mshale uko katikati. Kilomita ishirini, uko pale pale, na injini inanguruma kwa upole.

Hapo akatokea mwanamume juu ya baiskeli, anapunga mkono kama anayezama. Mke wake ana uchungu tangu jana. Wakakata kushoto, wakapita mashamba ya mtama, wakafika. Mlangoni alisimama mama mkwe amejifunga kanga kifuani.

"Huyu ni deko tu," akasema. "Mimi nimezaa tisa humu humu. Tangu jana namwambia ajikaze, hataki."

Mama Mkunga aliingia, akafunua shuka, akatoka haraka. Ziko siku yeye mwenyewe aliwaambia wanawake wajikaze, maelfu ya siku. Msengi alimwona akimtazama yule bibi, akadhani atamgombeza. Hakumgombeza.

"Dada yangu, mkweo anavuja damu ndani. Kilichotoboka hakikazwi. Msengi, lete gari."

Msengi ndiye aliyeendesha mpaka Igunga, mama mkwe mbele, Mama Mkunga nyuma na mgonjwa mapajani pake. Kilomita arobaini na mbili. Aliogopa, siwafichi, aliogopa mpaka jasho likamwingia machoni. Alitaka kukanyaga mpaka chini, akajizuia, akaliacha gari litembee mwendo wake, na gari halikukohoa hata mara moja.

Daktari aliwapokea, akampasua yule binti, akamtoa mtoto wa kike na kuiziba damu. Alipotoka alisema wangechelewa nusu saa tu angewapa maiti mbili.

Kahumba alikuta lango la Mama Mkunga limefungwa, akageuza lori. Na yule mama mkwe? Aliketi kwenye benchi la hospitali hadi magharibi, kanga mdomoni, analia. Alipoitwa kumwona mjukuu alipita kwanza kwenye kitanda cha mkwewe, akapiga magoti, akamwambia, "Nisamehe, mwanangu. Sikukuuliza unaumia wapi."

Aliporudi kijijini ni yeye aliyelisambaza neno lile, kisimani, msibani, popote alipomwona mtu anamkazania mwenzake bila kumuuliza. Mvivu mkazeni, sikatai. Lakini mwulizeni kwanza, na mkishamwuliza, msubiri ajibu. Kilichotoboka hakikazwi.