Jina Moja kwenye Ukuta wa Mama Semboja

Nina kesi mkononi, hukumu sina. Tegeni masikio, maana mwisho nitawauliza.

Korogwe palikuwa na marafiki watatu. Nyange alikuwa na vidole vyepesi ajabu. Wa pili, binti aitwaye Sikudhani, alijua kuchora. Daftari lake la hesabu lilikuwa na ndege wengi kuliko hesabu. Hoza alikuwa na macho: njia akiiona mara moja, haisahau. Ila mikono yake ilikakamaa tangu alipoungua utotoni, kwa hiyo pedi ya gemu hakuwahi kuishika.

Katika kibanda cha gemu cha Mama Semboja kulikuwa na gemu moja lililowashinda wote. Kijana mwenye viatu vya magurudumu anateleza mjini, anachora kuta kwa rangi ya kupuliza, polisi wako nyuma yake. Mwisho wa mji kuna mnara wa saa. Ukiuchora, umemaliza.

Mama Semboja aliahidi kwamba atakayemaliza, jina lake ataliandika yeye mwenyewe kwenye ukuta wa kibanda unaotazama barabara.

"Jina moja," alisema. "Ukuta wangu si daftari la mahudhurio."

Wote watatu waliutamani ukuta ule. Wakaingia pamoja, kwa desturi ya kibanda: ukianguka, unampa pedi anayefuata, na pedi iliyotolewa hairudi.

Nyange aliteleza juu ya vyuma vya ngazi, akaruka daraja lililokatika, polisi wakabaki ng'ambo wakizubaa. Bila vidole vyake wasingefika hata sokoni.

Sikudhani ndiye aliyebuni mchoro wao, jogoo mwenye mkia wa moto. Geti la mnara hufunguka kwa mchoro uliowapendeza wakazi wa mji tu, na wengi waliishia hapo. Jogoo wao alifunguliwa geti.

Hoza alikaa katikati, akiita njia kwa sauti ya chini: kushoto, nyuma ya duka la mikate, sasa ngoja. Kila mahali walipokuwa polisi, wao hawakuwapo.

Chini ya mnara kijana wa gemu alijigonga ukutani akayumba. Hakuanguka. Lakini Nyange, kwa mazoea, alikwisha kumpa Sikudhani pedi. Maskini binti wa watu, kuteleza hakujui.

"Usiwatazame polisi," Hoza alimwambia. "Nisikilize mimi. Bofya kitufe cha juu. Tena. Sasa puliza."

Akapuliza. Jogoo akawaka juu ya saa, na kibanda kizima kikasimama.

Hapo ugomvi ukaanza. Nyange alisema aliyefika mnarani ni yeye, na kutoa pedi ni kufuata desturi, si kushindwa. Sikudhani alisema jogoo ni wake na kitufe cha mwisho kilibofywa naye; tangu lini aliyemaliza akawa si mshindi?

Hoza alisema wa mwisho.

"Nyinyi kesho mtashika pedi tena," alisema. "Mimi nitashika nini?"

Iliwauma, lakini hakuna aliyejitoa. Watu wakashauri achorwe jogoo, Mama Semboja akakataa. Alikiri kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, ila alichoahidi ni jina, tena moja. Akachovya brashi, akaugeukia ukuta, kisha akawageukia watu bila kuandika.

Basi brashi hiyo nakupa wewe unayenisikiliza, na rangi inadondoka. Utaandika jina la nani, na hao wawili utawaambia nini?