Kona Aliyokataa Kuifuta

Alikuwapo mama mmoja katika nchi ya baridi, kule ambako theluji hufika magotini na watu hupanda milima isiyo na barabara wamefunga mbao ndefu miguuni, kisha huteleza kushuka. Msiniulize raha yake iko wapi. Nasi tunao wanaolia kwa ajili ya mpira.

Kule wana desturi moja nzuri. Kundi likipanda, mmoja huwasha GPS kwenye simu, na simu huchora mstari kila wanakopita. Wakirudi, mstari huwekwa kwenye ramani ya wote, ili wanaokuja nyuma wajue njia. Siku hiyo mchoraji alikuwa mama huyu. Kiongozi alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, mwanamume asiyeuliza njia hata kwa malaika.

Wakafika mahali mlima unapogawanyika. Shemeji akasema kushoto. Wakashuka, wakajikuta ukingoni mwa korongo, theluji imening'inia juu yao kama ukuta mbovu. Hakuna aliyethubutu kukohoa, isije ikawaporomokea. Wakapanda kurudi na mbao mabegani, wengine wakilia waziwazi, mama akiwaza wanawe watalelewa na nani.

Walipofika nyumbani, wamekaa na supu, shemeji akamsogelea.

"Shemeji, hiyo kona ya kushoto ifute. Nyoosha mstari."

"Kwa nini?"

"Watu watatucheka. Mstari unaonekana kama mlevi anatoka kilabuni."

"Na mlevi alikuwa nani? Mimi nilifuata tu."

"Lete hiyo simu!"

Mama akaitumbukiza kifuani. "Haya, njoo uichukue. Kaka yako huyo hapo anakutazama."

Akauweka mstari na kona yake yote, akaandika: Hapa tulipotea. Msishuke huku. Shemeji akamfukuza kundini, akachora mstari wake mwenyewe, umenyooka kama rula. Watu wakausifu.

Theluji iliporudi mwaka uliofuata, binti wa shemeji akapanda na wenzake. Ukungu ukawafunika. Akatazama simu, akaona wameuacha mstari wa baba. Akadhani wakishuka kidogo wataukuta mbele. Baba hakuwa ameandika neno lolote kuhusu upande ule. Ndipo akafungua mstari wa mama yake mkubwa, akajiona amesimama juu ya kona yenyewe.

"Rudini! Rudini juu!"

Wakarudi wazima. Na shemeji, alishukuru? Thubutu! Mpaka leo hamsalimii.

Sasa sisi. Tunasimama hapa mbele kushuhudia: "Bwana amenitoa mbali." Mbali wapi, mama? Hutaji. Pombe ile, mganga yule uliyemwendea kwa kujifunika khanga, umevifuta, nasi tunapiga makofi. Na binti yako yuko ukingoni mwa korongo lile lile, anakutazama ulivyonyooka, anadhani duniani kote ni yeye tu aliyekata kushoto. Atamwuliza nini mtu ambaye hajawahi kupotea?

Unaogopa aibu? Kule korongoni hukufa. Utakufa kwa midomo ya majirani? Waache wacheke. Wakichoka watafunga midomo, wataenda kupika.

Haya, tuna nafasi ya ushuhuda. Anayetaka kusimama asimame. Lakini aanzie pale alipopotea, na ataje mahali penyewe.