Goti Lililokandwa Usiku

Maji yanamiminwa kwenye beseni. Usiku umekwenda, nyumba kimya, mtoto kalala, na mwanamke mmoja kitandani anayasikia yale maji, anajua ni ya moto, anajua yanakuja kwake, anauma pindo la shuka kabla hata mlango haujafunguliwa.

Mwanamke huyu, wapendwa, aliteleza bombani na ndoo kichwani, goti likapinda kwa ndani. Hospitali wakamwambia imeumia kano, ule ukanda unaolishika goti kwa pembeni, na sasa umeanza kuota chokaa kama birika linavyoota ndani. Dawa yake ni mazoezi. Akawa anakwenda kwa mtaalamu wa viungo, kijana mcheshi, analikunja polepole, analinyoosha.

"Dada, goti lako lina ubishi. Lingekuwa mume ungeshalirudisha kwao."

Anacheka huku machozi yanamtoka. Maana ana kichanga, jamani. Hawezi kuchutama amwogeshe, hawezi kuinuka naye kutoka mkekani. Anachotaka duniani ni goti likunjike amlee mwanawe.

Na beseni? Beseni ni la mama mkwe. Huyu mama ndiye aliyemkanda alipojifungua, kwa maji ya moto na taulo, tumbo likarudi, mgongo ukapona. Mikono iliyoweza uzazi itashindwaje na goti? Basi kila usiku kazi zikiisha anakuja, anabonyeza kwa vidole gumba palepale penye uvimbe.

"Vumilia, mwanangu. Wale wa hospitali wanakukunja kama mkeka tu, anayekutibu ni mimi."

"Asante, mama."

Asante, anasema. Wewe ungesema nini? Mume yuko safarini na malori, anayepika ni huyu mama, anayembeba mtoto ni huyu mama. Akichukia akafunga mzigo wake akaondoka, kichanga atabaki na nani?

Siku moja yule mtaalamu akaligusa goti, akalikuta la moto, limevimba. "Dada, kuna mtu analikanda hili? Niambie tu. Kano iliyoumia ukiibonyeza kwa nguvu inazidi kujaa chokaa."

"Hakuna mtu. Labda nimelilalia."

Akaamini. Angefanyaje? Miezi ikaenda hivyo, mchana linalegezwa, usiku linaumizwa, mpaka ikapigwa picha mpya na mtaalamu hakutania tena. Akasema limekakamaa, hata upasuaji hawezi kuuahidi. Akauliza tena lile swali, na safari hii mwanamke, sijui ni kwa kuwa hakuwa na cha kupoteza, akasema kweli, mama mkwe akiwa ameketi palepale, mtoto mapajani.

Yule mama hakununa. Hakufunga mzigo. Alisema kwa sauti ndogo, "Mbona hukuniambia, mwanangu? Ningeacha siku hiyohiyo."

Siku hiyohiyo. Mmesikia?

Na sisi je? Tunakuja hapa tunamwonyesha Mungu goti, tunaificha mikono inayolikanda. Tunaombewa, tunalegea kidogo, tunarudi nyumbani kuumizwa palepale na tunashukuru. Wapo tunaowaogopa ambao wangeacha leo kama tungesema. Wengine wasingeacha, najua, ndiyo maana midomo inakuwa mizito, wala siwadanganyi kwamba kila goti litakunjika tena. La huyu mwanamke halikukunjika. Mwanawe alijifunza kusimama kwa kuushika mguu ule ulionyooka kama mlingoti.

Lakini tusingoje tufike hapo, tafadhali, tusingoje. Dada uliyeinamisha uso, sikuiti mbele, sikutaji. Ibada ikiisha nitabaki kwenye benchi la nyuma, watu wote wakishatoka. Njoo useme hata neno moja, hata kama na mimi nitatetemeka kulisikia. Sitamwambia mtu mwingine.