Jiwe la Bi Mwanamvua

Paukwa!
— Pakawa!
Nimebeba kizito, nani atanipokea?
— Tua hapa, sisi tupo!

Hapo kale, milima ilipokuwa bado haijapewa majina, alikuwapo mwanamke akiitwa Sikudhani. Aliishi chini ya mlima wa moto na binti yake wa miaka minne, Tatu. Masika ya mwaka mmoja mama yake Sikudhani, Bi Mwanamvua, alifariki, akamwachia jiwe la kusagia mtama. Lilikuwa jiwe la bibi wa bibi yake. Na kijijini kwao, mtoto ambaye hajang'oka meno ya utoto hali unga wa jiwe la nyumba nyingine. Ndiyo desturi, mimi sikuitunga.

Sasa nyinyi mliozoea mashine hamjui. Jiwe likisaga sana hulainika. Likilainika, halisagi. Sharti uligonge, koh, koh, koh, lipate meno. Na kila ukiligonga, linapungua.

Sikudhani hakutaka lipungue. Lilikuwa limebaki unene wa vidole viwili.

"Likiisha," alisema, "mama yangu atakuwa amekufa mara ya pili."

Basi akasaga hivyo hivyo. Mtama ukatoka chenga tupu. Siku ya kwanza Tatu akala, tumbo likamsokota. Siku ya pili akaonja. Siku ya tatu akafumba mdomo, akageukia ukuta. Jamani, mtoto akigeukia ukuta, mama hana raha tena.

Akapita Pimbi, yule mkazi wa majabali, mfupi wa mwili, mrefu wa maneno.

"Dada, kulikoni?"

"Nitafutie jiwe lisiloisha, Pimbi. Niijue siri yake, nilifanyie hili la mama."

Pimbi akajikuna sikio. "Wapo wazee watatu, mawe ya kale. Mbebe mtoto, twende."

Wakapanda mlimani. Wakalikuta jiwe jeusi, lina vitundu kama mkate wa kumimina.

"Shikamoo, babu. Wewe ndiwe usiyeisha?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Mimi nilikuwa uji wa moto tumboni mwa mlima. Mlima ukanitapika, nikapoa, nikawa jiwe. Sasa mvua inanimega. Sikwisha, niligeuka tu. Kamuulize wa mtoni."

Wakateremka mtoni. Wakalikuta jiwe la rangi ya udongo, limepangika tabaka juu ya tabaka.

"Shikamoo, bibi. Wewe ndiwe usiyeisha?"

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni yule wa mlimani. Mvua ilinimega, mto ukanibeba, ukanilaza mchanga juu ya mchanga. Haba na haba hujaza kibaba. Nikashikana. Sikwisha, niligeuka tu. Kamuulize wa pangoni."

Pango lenyewe mlango wake chini. Sikudhani akasitasita.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," Pimbi akamcheka, akatangulia.

Ndani kulikuwa na jiwe gumu, lenye mistari iliyopindapinda, linametameta.

"Shikamoo, mzee. Angalau wewe ndiwe usiyeisha?"

"Marahaba. Mimi ni yule wa mtoni. Ardhi ilinikalia, joto likanikamua, nikapindwa bila kuyeyuka. Iliniuma, sikufichi. Sikwisha, niligeuka tu. Na nikizama zaidi nitayeyuka, mlima unitapike tena."

Sikudhani akaketi chini. Tatu alikuwa mwepesi mgongoni, mwepesi mno. Akalia kwa sauti.

"Umenidanganya, Pimbi! Hakuna hata mmoja asiyeisha!"

"Nimekutembeza tu," alisema Pimbi, na safari hii hakucheka. "Hebu niambie. Ulipokuwa mdogo, jiwe la mama yako lilikuwa nene kiasi gani?"

"Shubiri nzima."

"Sasa ni vidole viwili. Kile kilichopungua kilikwenda wapi?"

"Kilisagika."

"Kikaingia wapi?"

"Kwenye unga."

"Unga akaula nani?"

Sikudhani akaitazama mikono yake. Akaipapasa miguu ya mtoto aliyekuwa mgongoni. Miaka yote ile Bi Mwanamvua alikuwa akiligonga, akisaga, akimlisha. Jiwe lilikuwa limehamia humo, miilini mwao.

Uchungu wa mama haukumtoka, msije mkadhani. Alirudi nyumbani analia. Lakini alishika jiwe jingine gumu, akaligonga lile la mama, koh, koh, koh, vumbi likaruka, machozi yakadondoka juu yake. Akasaga. Unga ukashuka laini. Akasonga ugali, akaumega, akaupuliza.

Tatu akaonja. Akatafuna polepole.

"Mama, una mchanga kidogo."

"Tafuna, mwanangu," alisema Sikudhani. "Ni bibi yako huyo."

Mtoto akanyoosha mkono, akamega tonge la pili.

Hadithi yangu imesagika. Aliyebakiwa na punje, akasage kwao.
— Tumeshiba, mama, pumzika!