Hodi ya Sultani Mbugani

Palikuwa na mfalme mwenye enzi na haiba, Sultani Fadhili bin Ghanimu, na mji wake ukiitwa Zubarani, nao ulikuwa mji wa mwisho upande wa machweo, kwa maana nje ya ukuta wake ulipita mto mwekundu, na ng'ambo ya mto ilianza mbuga ya nyasi ambayo jicho halikuuona mwisho wake. Na katika mbuga hiyo walizunguka nyati wenye nundu na manyoya yanayofika magotini, na chemchemi zilirusha maji ya moto hewani, na watu walioitwa Watu wa Nyasi walikaa katika mahema ya ngozi na kupanda farasi bila tandiko. Na mbali kabisa, kwa masimulizi ya watu ambao hawajafika, palikuwa na milima ambayo mito yake ilitiririka dhahabu, na habari hiyo ya dhahabu iliwanyima watu wa Zubarani usingizi kuliko mbu.

Basi Sultani akamwita Luqmani, mwanawe wa pekee, akamwambia, "Mwanangu, ile ni ardhi isiyo na mwenyewe. Haina ukuta, haina mlango, haina hata komeo. Ivuke, uipime kwa kamba na kuigawa kwa vigingi, tuwape raia wetu mashamba, kisha utufikie hiyo milima ya dhahabu."

Luqmani akavuka na askari na wapimaji, na kila kamba ilipopita katikati ya hema, hema liling'olewa, na Watu wa Nyasi wakapandwa na hasira, mishale ikaruka, na watu wakaumia huku na huku. Halafu pakawa kimya. Hakurudi mjumbe, wala farasi, wala Luqmani. Sultani akapeleka jeshi kumtafuta, na jeshi nalo likamezwa na nyasi, naye akawa hali wala halali, na mkewe akawa kila asubuhi anapanda ukutani kutazama upande wa machweo kabla jua halijachomoza.

Sasa, mjini humo aliishi mchuuzi wa ngozi jina lake Tawakali bin Jabu, na mwongo kama huyo sijapata kumsikia. Kila alasiri barazani, kahawa ikimiminwa, aliwasimulia watu jinsi alivyoivuka mbuga mara saba, na jinsi alivyomkamata masharubu Jini Dahmani, mlinzi wa mbuga, akamvuta hata jini akalia kama mtoto aliyenyimwa halua. Watu walijua anaongopa, na walimpenda kwa hayo hayo. Lakini maneno yakasafiri mpaka jumbani, na jumbani hawana mzaha.

"Ewe Tawakali," akasema Sultani, "nimeambiwa umeivuka mbuga mara saba."

Tawakali, ambaye hajawahi kulowesha hata kidole cha mguu katika mto ule, akainama mpaka kilemba kikagusa zulia. "Maulana, Mola akuzidishie umri, watu huongeza chumvi. Si mara saba."

"Mara ngapi?"

Akili ikamwambia aseme kweli. Ulimi ukasema, "Sita."

"Basi hii iwe ya saba. Nirudishie mwanangu. Na ukirudi peke yako, shingo yako haitakuwa na kazi tena."

Tawakali akatoka na punda wake, akiulaani ulimi wake njia nzima, hata akafika ukingoni. Ng'ambo akaona moshi mwembamba wa mapishi ukipanda juu ya nyasi. Akainua mguu atie majini, mguu ukakataa. Kwani Tawakali alikuwa mwongo, lakini mwongo aliyelelewa, na tangu utotoni mamake alimkanya asiingie mahali panapopikwa chakula bila kuita.

"Hodi!" akaita. Kimya. "Hodi wenyewe!" Kimya. "Hodi jamani!" Upepo tu.

Na ada ya kwao ni kwamba ukipiga hodi mara tatu usiitikiwe, unageuka unakwenda zako. Tawakali akageuka. Akaikumbuka shingo yake, akageuka tena. Mwisho akaketi chini kando ya punda, hana pa kwenda mbele wala nyuma.

Ndipo ng'ambo akainuka msichana kutoka nyasini, na upinde mkononi, na kicheko kimemshinda. Jina lake Sawenda, binti wa Watu wa Nyasi.

"Ewe mgeni, mbona huvuki? Maji hayafiki hata magotini."

"Sijakaribishwa, binti."

"Wenzako hawakungoja kukaribishwa."

"Wenzangu walitafuta mlango, na walipoukosa wakadhani hakuna nyumba."

Kicheko kikafifia usoni mwa Sawenda. "Mama yangu alikuwa anaanika nyama, kamba yao ikapita katikati ya hema letu. Walisema, 'Sogea, bibi, hapa ni shamba la mtu.' Mama yangu amezaliwa pale." Akaulaza upinde chini. "Wewe umeita. Karibu."

Na alipotamka neno hilo nyasi zikajitenga kulia na kushoto, pakawa njia, na Tawakali akavuka mto akiwa mkavu magotini, akaongozwa hata mbele ya Jini Dahmani, naye alikuwa mkubwa kama kilima, na masharubu yake yalikuwa nyasi kavu zilizolala huku na huku.

"Wewe ndiye uliyenivuta masharubu?" akanguruma jini.

Tawakali akarudi nyuma hatua moja. "Bwana Jini, upepo... upepo huchukua maneno vibaya."

Jini akacheka, nyati wakatimka upande wa pili wa mbuga. "Niliposikia kisa hicho nilicheka hata chemchemi zikachelewa kuchemka! Hakuna aliyethubutu kunigusa, hata kwa uongo. Haya, tazama unachokitafuta."

Tawakali akatazama, akamwona Luqmani na askari na wapimaji na jeshi zima wakivuta kamba na kugongomea vigingi, na kila kigingi kikisha kugongomewa kilijing'oa chenyewe, kikaondoka mbio kama kuku aliyeona kisu, nao wakakikimbiza na kuanza upya. Watu wa Nyasi waliwatilia chakula mikononi, wakala huku wakipima. Ndevu za Luqmani zilikuwa zimefika kifuani, na midomo yake imepasuka kwa kuhesabu.

"Sikuwafunga," akasema jini. "Nimeipa ardhi ruhusa ya kusogea, basi. Nitawaachilia siku yule aliyewatuma atakaposimama mtoni akapiga hodi kama watu."

"Bwana, yule ni Sultani! Tangu azaliwe milango hufunguliwa kabla hajafika."

"Basi atajifunza."

Sawenda akasema, "Ukimpelekea maneno hayo atakukata shingo. Kaa nasi. Umekwisha karibishwa."

Na Tawakali alitamani kukaa, hilo lisemwe wazi, maana nyama ilinukia vizuri na Sawenda alikuwa na macho ya kumsahaulisha mtu njia. Lakini akamtazama tena Luqmani, akamkumbuka yule mama ukutani, na moyo ukamuuma. "Nitakwenda," akasema. Sawenda akampa farasi wake mwenyewe.

Sultani aliposikia ujumbe, uso ukamwiva. "Mimi nipige hodi? Kwa nyasi?" Akaamuru Tawakali afungwe mikono na kupelekwa mtoni pamoja na mshika upanga, naye akapanda farasi akaenda mwenyewe na jeshi lililobaki.

Walipofika, Sultani akamwona mwanawe ng'ambo, karibu kabisa. "Luqmani!" Luqmani hakusikia. Sultani akajitosa mtoni, akatembea, na kila alivyotembea ukingo wa pili ulirudi nyuma, akatembea hata joho likalowa likawa zito, na alipogeuka akaukuta ukingo wa Zubarani uko hatua mbili nyuma yake.

"Uchawi! Mkateni huyu!" akapiga kelele, na upanga ukachomolewa.

"Maulana," akasema Tawakali, amepiga magoti, "mimi ni mwongo, mji mzima unajua. Lakini upanga ukiwa shingoni hata mwongo hupumzika. Ita, bwana wangu. Mwanao yuko pale."

Sultani akaduwaa katikati ya maji, jeshi lake lote likimtazama. Akafungua kinywa, akakifunga, kisha akatoa neno kama mtu anayekohoa. "Hodi."

Sauti ikatoka nyasini. "Nani?"

"Sultani wa Zubarani."

"Simjui."

"Fadhili bin Ghanimu, Simba wa Magharibi, Bwana wa Mto Mwekundu!"

"Hatukumwita simba. Na mto hauna bwana."

Wakati huo Luqmani akajikwaa akifukuza kigingi, akaanguka kifudifudi, akainuka akiwa na damu puani, akakamata kamba tena. Na Sultani alipoona hayo machozi yakamtoka mbele ya watu wote.

"Hodi wenyewe," akasema. "Ni baba wa huyo kijana."

"Karibu, baba," ikajibu sauti.

Vigingi vyote vikaanguka, kamba zikalegea, na Luqmani akasimama akipepesa macho kama aliyezinduka, akamwona mzee aliyelowa mtoni, akasema, "Baba?" Wakakutana majini, na Tawakali, ambaye hakuna aliyekumbuka kumfungua, akalia kwa furaha bila mkono wa kujifutia.

Sultani akaketi chini hemani kwa mama yake Sawenda, akamwomba radhi kwa kinywa chake, na vigingi vikawa kuni za karamu. Na alipouliza habari za milima ya dhahabu, Watu wa Nyasi wakaangua kicheko, wakasema ile ni theluji, hung'aa jua linapozama. Tangu hapo watu wa Zubarani wakavuka kwa hodi, wakauziana ngozi na farasi na vitambaa, na pande zote mbili zikaneemeka. Sawenda akamkubali Tawakali, na harusi ikachezwa kingo zote mbili za mto, na jini akapewa nafasi ya mbele, naye akamtunza bwana harusi kundi la farasi kutoka kila pembe ya mbuga.

Nawe uliyesikiliza, ukifika pasipo na ukuta usiseme hapana mtu. Simama, ita, ungoje kuitikiwa, wala heshima yako haitapungua.

Na Sultani Fadhili alipofariki, makatibu wakatayarisha jiwe kubwa la kuandikia majina yake yote ya enzi. Wakakuta ameusia waandike moja tu, nao wakaandika, "Baba wa Luqmani."