Sengondo na Mtani Mwenye Kigoda

— Hadithi hiyooo, inakuja!
— Ije tuione!
— Inakuja kwa miguu!
— Ipisheni njia!

Hapo kale, wakati njia zote zilikuwa za miguu, aliishi mtu jina lake Sengondo. Mtu mzuri. Haibi, halewi, hapigi mtu. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja tu: kununa.

Mnawajua watu wa kununa? Wewe kule nyuma usiinamishe uso, sijakutaja.

Mkewe aliitwa Nakunda. Nakunda akimuuliza, “Mume wangu, umekasirikia nini?” anajibiwa, “Hakuna.” “Nimekosa nini?” “Hakuna.” “Utakula?” “Hakuna.” Siku ikapita, wiki ikapita, mwezi ukapita. Mwezi wa tatu Nakunda akafunga nguo zake, akarudi kwao, ng'ambo ya milima saba, mwendo wa siku nne. Huko akatuma neno: “Mwambieni aje kabla mahindi hayajavunwa, aniambie kwa kinywa chake kilichomuudhi. Akisema, narudi. Akija kununa hapa, ng'ombe wa mahari watarudishwa na ndoa imekwisha.”

Sengondo alimpenda mkewe. Alimpenda sana, ila hata hilo hakuwahi kulisema. Akafunga shanta lake: kibuyu cha asali kwa baba mkwe, doti ya kanga kwa mama mkwe, na kikopo cha ugoro kwa bibi yake Nakunda. Mtu haendi kwa wakwe peke yake, kwa hiyo akamwomba rafiki yake Mgonja amsindikize.

Hapo ndipo alipokosea. Mgonja alikuwa rafiki yake tangu wanachunga mbuzi, lakini alikuwa pia mtani wake. Ukoo wa huyu na ukoo wa yule walitaniana tangu enzi za mababu. Mtani akikutukana, unacheka. Akila chakula chako, unacheka. Ukimkasirikia mtani, watu watakushangaa hadi kijiji cha tatu.

Walikubaliana kuondoka alfajiri. Mgonja akaja jua limeshapanda, anapiga miayo, na mgongoni kabeba kigoda.

“Kigoda cha nini?” Sengondo akauliza.

“Mtani, hao watu wa ng'ambo nawajua. Wakwe zako wasiponipa kiti je?”

Wakaenda. Wakapanda, wakapanda, wakapanda. Kila kona Mgonja anatua kigoda, anakaa. Kila akikaa anaimba, na wimbo wenyewe ni mstari mmoja. Jua lilipokuwa la utosi Sengondo akaenda kijitoni kuteka maji. Kurudi, akamkuta rafiki yake anajilamba vidole, kibuyu kiko kifudifudi.

“Asali hii imekaa vibaya,” Mgonja akasema. “Nimeionja nione kama inamfaa mkwe. Haimfai.”

Sengondo akafungua mdomo. Akaufumba. Akanuna. Jamani, Sengondo alisema nini?

— Hakusemaaa!

Siku ya pili walitembea ndani ya ukungu, majani yamelowa, baridi inauma masikio. Sengondo akahisi shanta limekuwa zito. Akasema moyoni ni uchovu. Mlima wa tatu, shanta zito. Mlima wa nne, halibebeki. Akalifungua. Akakuta kigoda!

“Nina kichomi mgongoni,” Mgonja akasema. “Ningekuambia, ungenionea huruma bure.”

Na huku anachechemea, maana amepata malengelenge. Kisigino kimefungwa kitambaa kizuri chekundu chenye maua. Sengondo akakitazama kile kitambaa. Akayajua yale maua. Ilikuwa kanga ya mama mkwe, imechanwa katikati.

“Nusu nyingine ipo,” Mgonja akasema. “Mama mkwe mwenyewe si mnene.”

Sengondo alihisi kitu kinapanda kutoka tumboni, kinafika kooni. Akakimeza. Akabeba kigoda akaendelea. Alisema nini?

— Hakusemaaa!

Semeni kwa nguvu, mbona kama nyinyi ndio mmebeba kigoda?

— Hakusemaaa!

Siku ya tatu asubuhi waliona bonde la kina Nakunda kwa mbali, chini kabisa. Mahindi yalikuwa yamekauka, na pembeni watu walishaanza kuvuna. Sengondo akapiga hatua za haraka. Nyuma yake kimya. Kugeuka, Mgonja kakaa na mzee mmoja mwokota kuni, wote wawili wanapiga chafya.

“Mtani, njoo!” Mgonja akaita. “Huyu mzee kanionyesha njia ya mkato. Nimemshukuru kwa ule ugoro.”

“Ugoro wote?”

“Si ni mtu mzima? Nimpe nusu?”

Wakaifuata njia ya mkato. Walishuka, wakazunguka, wakapita kwenye miiba, wakavuka mto uleule mara tatu. Jioni wakatokea mahali penye jiwe kubwa na majivu. Sengondo akayagusa yale majivu. Yalikuwa ya moto wao wenyewe wa asubuhi.

“Dunia imefanana jamani!” Mgonja akasema, akakaa kwenye kigoda.

Mimi ningemtupa bondeni na kigoda chake. Ninyi je? Lakini Sengondo alijilaza akageukia mwamba, na safari ya siku nne ikawa ya siku tano.

Walifika kwa wakwe siku ya tano, jua linaelekea kutua. Shamba lilikuwa limebakiza mistari miwili tu ya mahindi. Wakakaribishwa uani. Baba mkwe akapewa kibuyu kitupu, mama mkwe akapewa nusu kanga, bibi akapewa kikopo chenye harufu ya ugoro. Wakatazamana. Nakunda alikuwa ndani, nyuma ya mlango ulioachwa wazi kidogo, anasikiliza.

Baba mkwe akakohoa. “Mwanangu, tumekuona. Sasa mkeo anataka kujua jambo moja. Ulimnunia kwa sababu gani?”

Sengondo akatazama vidole vyake vya miguu. Maneno yalikuwepo, yamejaa kifua kizima, lakini hayakujua pa kutokea.

“Baba,” akasema, “hakuna.”

Ndani, Nakunda akashusha pumzi. Mlango ukaanza kusogea taratibu, unajifunga. Sengondo akauona. Akainuka nusu, na bado mdomo ukagoma.

Mgonja akasogeza kigoda chake mbele, akavuta sahani ya nyama aliyowekewa Sengondo, akala kipande, akajifuta mdomo.

“Wakwe zetu, msihangaike. Huyu namjua. Njiani ameniambia kwamba huyo mwanamke hamhitaji tena. Amekuja kuaga tu.”

Weee! Lile lililokuwa kooni kwa Sengondo tangu mlima wa kwanza likatoka.

“Mwongo! Sijasema hivyo! Mwongo mkubwa wewe! Umekula asali ya baba! Umechana kanga ya mama! Ugoro wa bibi umempa mzee asiyejua njia! Kigoda chako nimebeba mimi, na kila kona unakikalia wewe! Unakoroma! Unaimba mstari mmoja siku tano, na huo mmoja unaukosea! Na hiyo nyama ni yangu, rudisha!”

Mama mkwe akajishika mdomo. Mtu anamkaripia mtani! Lakini Sengondo alikuwa ameshafunguka, hakujua tena pa kufungia. Akaugeukia mlango.

“Na wewe Nakunda! Ulimpa kaka yako jembe langu jipya, hukuniuliza!”

Mlango ukafunguka. Nakunda akatoka, mikono kiunoni.

“Jembe?”

“Jembe!”

“Miezi mitatu, Sengondo? Nimelala nalia, najiuliza nimekosa nini, kumbe jembe?”

“Nililinunua kwa jasho langu! Na iliniuma! Na ulipoondoka iliniuma zaidi! Nyumba imepoa, nakula peke yangu, naongea na kuku. Sitaki ng'ombe. Nakutaka wewe. Rudi nyumbani!”

Akasimama pale anahema, machozi yanamtoka, wala hakuyafuta. Baba mkwe akatazama pembeni. Nakunda akavuta mkeka.

“Haya. Umesema. Kaa chini, sasa zamu yangu.”

Akaanzia siku ya harusi. Mambo ya mwaka wa kwanza, mambo ya mwaka wa pili, mambo ya mama mkwe wake, mambo ya yule kuku mweupe. Sengondo alisikiliza yote, na kila alipoulizwa alijibu. Neno “hakuna” halikusikika tena uani pale.

Mistari miwili ya mahindi ilivunwa kesho yake, Nakunda naye akasaidia kuvuna. Kisha wakafunga mizigo, wakaanza kurudi watatu. Mlima wa kwanza, Sengondo akamsogelea rafiki yake.

“Mtani, niambie kweli. Ulifanya makusudi ili niseme?”

“Makusudi gani?” Mgonja akashangaa. “Mimi nilikuwa na njaa.”

Zamani Sengondo angenuna. Safari hii alimwambia. Alimwambia habari za njaa yake, za kuchelewa kwake, za mambo aliyomfanyia tangu wanachunga mbuzi. Mlima wa pili, anamwambia. Mlima wa tatu, anamwambia. Mlima wa nne Mgonja akaziba masikio, akamkimbilia Nakunda aliyekuwa mbele.

“Shemeji, nakuomba! Hivi huyu mtu hanyamazi?”

Nakunda hata hakugeuka.

“Mwache aseme,” akajibu.

— Hadithi imefika?
— Imefika!
— Nimeiacha kwao inaosha miguu. Wa kucheka acheke, wa kununa aende akanunie kwake!
— Twende zetu!