Mrija wa Mdudu na Nyumba ya Bi Mize

Paukwa!
Pakawa!
Ukuta unasikia?
Kuliko jirani!
Basi sogeeni, na anayejikuna aache, maana hadithi yenyewe inawasha.

Hapo kale, ndani ya tumbo la mtu mmoja aitwaye Makame, palikuwa na mji. Nyumba zake zilibanana ukuta kwa ukuta. Katika mojawapo aliishi Bi Mize, mwanamke asiyetulia, wa kufagia palipokwisha kufagiwa. Katika nyumba ya pili yake alikaa mdogo wake, Riziki, aliyejifungua watoto pacha juzi tu.

Mji ule ulikuwa na desturi moja. Amri ikisikika ndani ya nyumba, hutiiwa bila kuuliza. "Cha ndani hakina kosa," ndivyo walivyosema. Wakalinda mlango, hawakulinda sauti.

Siku moja akaja Mdudu mlangoni kwa Bi Mize.

"Hodi!"

"Nani?"

"Mgeni, dada yangu. Nina njaa."

"Pita zako. Sikujui."

Mdudu hakugombana. Alitoa mrija mwembamba kama sindano, akauchomeka ukutani, akapuliza. Ndani wakaingia matarishi wake watatu, vijitu vidogo hata macho hayavioni.

Tarishi wa kwanza akaziambia kuta, "Mkumbatieni mgeni!"

Kuta zikajibu, "Cha ndani hakina kosa." Zikanyanyuka, zikamkumbatia Mdudu, zikamwingiza ndani.

Tarishi wa pili akamwambia mlinzi wa baragumu, "Lala!"

Mlinzi akajibu, "Cha ndani hakina kosa." Akalala fofofo.

Tarishi wa tatu akaliambia jiko linalochoma kila uchafu, "Huyu usimguse!"

Jiko likajibu, "Cha ndani hakina kosa." Likapoa.

Bi Mize akatupa ufagio wake. Akaenda huku, akarudi kule. "Amkeni! Waka, wewe jiko! Mlinzi, piga baragumu!" Nani amsikie? Sauti yake ilikuwa moja, na zile zilikuwa tatu. Mdudu alikuwa ameketi chumba cha kati, anakula. Mmoja wakawa wawili, wawili wakawa wanne, wanne wakawa wanane. Kisha Bi Mize akamwona yule Mdudu wa kwanza akiupapasa ukuta wa Riziki, mrija mkononi.

"Unatafuta nini hapo?"

"Chakula, dada. Nasikia huko kuna vitoto viwili vinono."

Hapo Bi Mize akaingiwa na hasira, na hofu nayo ikaja nyuma yake. Kila nyumba ya mji ule ilisimama kwa mhimili mmoja. Mhimili hautii amri ya sauti. Hung'oka kwa mkono wa mwenye nyumba tu, na uking'oka, nyumba na mwenyewe huanguka pamoja.

Akagonga ukuta. "Riziki! Ziba upande wako, ziba kwa udongo mbichi!"

"Kuna nini, dada? Mbona unahema?"

"Ziba kwanza!"

"Na wewe je?"

"Ziba, mdogo wangu. Usiniulize."

Akaukamata mhimili. Aliogopa jamani, tusidanganyane. Nani hapendi nyumba yake? Akavuta, haukutoka. Akavuta tena, ukatikisika. Akavuta mara ya tatu, nyumba ikaja chini yote.

Vumbi lilitanda mji mzima. Askari weupe wa mji, waliokuwa hawana habari, wakaliona, wakaja mbio, wakamkuta Mdudu na kizazi chake peupe, hawana ukuta wa kujifichia. Wakawala wote. Bi Mize hakuonekana tena.

Tangu siku ile, mji ule ukisikia amri ndani ya nyumba, huuliza, "Nani asemaye?"

Makame naye alijikunja kwa maumivu siku tatu, akilitukana tumbo lake. "Tumbo gani hili lisilo na adabu!" Riziki akamsikia, akawakumbatia wanawe, machozi yakamtoka. "Mwacheni atukane," akawaambia. "Hajui kwamba ni mama yenu mkubwa aliyeanguka."

Ndiyo hivyo, wenzangu. Adui mjanja havunji mlango. Huingia akaamuru kama mwenye nyumba. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ngano yangu naitua hapa. Tamu yake gawaneni, chungu yake niachieni. Na anayekwenda kula anawe mikono, nisije nikapata hadithi nyingine tumboni mwake.